Siku ya Saba, Siku Huru

Saa mbili na nusu asubuhi, basi la msafara, lililocheleweshwa na pancha tangu alfajiri, lilikuwa limeshawashwa injini. Inspekta aliingia uani kwa wakala wa safari, na jambo la kwanza alilofanya ni kumwambia dereva alizime. Dereva alimtazama juu hadi chini, akaona mwanamke mfupi mwenye koti la mvua na viatu vilivyojaa tope, akataka kubisha. Kisha akaona kitambulisho, akazungusha ufunguo.

Ndani ya basi walikuwamo wasafiri kumi na watatu, kila mmoja na skafu ya njano shingoni, wamekaa na chupa zao za maji na hamu ya kwenda kuona nchi ya watu kwa siku kumi. Wa kumi na nne alikuwa mochwari. Mfagiaji wa barabara alimkuta saa kumi na mbili kwenye mtaro nyuma ya kiwanda cha mbao, amelala kifudifudi, kiatu cha kushoto hakipo, na skafu yake ya njano imekazwa shingoni kwa fundo moja la nguvu. Alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mji huu ilipitia mikononi mwake ikiwa bado na damu ya kuzaliwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa karibu kumwokoa.

Inspekta hakuipenda tena rangi ya njano. Sasa alikuwa akiiona mara kumi na tatu kwa mpigo.

Mkuu wake alikuwa amempa mpaka saa nne. "Ukiwa na mtu na sababu, mshushe," alimwambia kwenye simu. "Ukiwa huna, basi liende. Mpaka unafungwa saa kumi, na visa yao inakufa leo." Hakuhitaji kuongeza kwamba mtu akishavuka, kumrudisha ni kuandikiana barua mpaka mashahidi wazeeke.

Kiongozi wa msafara alikuwa mtu wa makamo. Watu wote walimwita Kipenga, hata mkewe, kwa ajili ya filimbi iliyoning'inia kifuani mwake. Alimpeleka Inspekta ofisini, chumba chembamba chenye ramani ukutani na mihuri mezani, akamwonyesha karatasi moja yenye majina kumi na manne.

"Visa yetu ni ya kundi, afande. Tunaingia pamoja, tunatoka pamoja. Asiyekuja lazima nimfute, nitie sahihi na muhuri. Miaka kumi na minane sijapoteza mtu." Akagusa jina moja. "Huyu nilimfuta saa kumi na moja na nusu. Alinitumia ujumbe."

Aliutoa. Ulisema: *Kiongozi, nimeamka na homa kali, siwezi kusafiri. Nifute kwenye orodha. Msinisubiri.*

Inspekta alitoa simu nyingine mfukoni. Ilikuwa ya mjane aliyekuwa akiishi nyumba moja na marehemu, mke wa kaka yake mkubwa aliyefariki zamani. Koplo alikuwa ameichukua kwake, na mjane mwenyewe alikuwa mochwari na askari wa kike, kwa ajili ya kumtambua maiti. Ujumbe wa mwisho ulitoka namba ileile ya marehemu, dakika tano baada ya ule wa Kipenga: *Shemeji nimeshapanda basi, tunaondoka sasa hivi. Huko mtandao ni shida, nikiwa kimya msiwe na wasiwasi. Tutaonana nikirudi.*

"Huku ana homa, huku ameshapanda basi," alisema Kipenga.

"Na daktari anasema saa kumi na moja alikuwa ameshakufa." Inspekta aliziweka simu mbili pamoja mezani. "Kwenu hatatafutwa kwa sababu yuko nyumbani. Nyumbani hatatafutwa kwa sababu yuko kwenu. Njia ya mwongo ni fupi, na huyu hakuhitaji iwe ndefu. Siku kumi zilimtosha."

"Jambazi la njiani, labda?"

"Jambazi linachukua simu linakwenda zake. Halikai kumwambia kiongozi wa msafara 'msinisubiri'. Aliyeandika hivyo alitaka basi liondoke kwa wakati." Alitazama nje kupitia dirisha. "Kwa hiyo yumo ndani yake."

Kipenga aliishika filimbi yake kama mtu aliyeambiwa ataibiwa.

Mjane alikuwa ameeleza jambo moja tu la maana. Jana jioni marehemu alimwambia: "Usijisumbue kuamka, nimepata mtu wa kunipitia." Kwa hiyo mtu huyo alikuwa na gari. Na uani, chini ya ukuta, magari mawili tu ya wasafiri yalikuwa yameachwa yasubiri wenyewe warudi. Moja la Mwalimu, mama mstaafu ambaye angelala chumba kimoja na marehemu safari nzima. Jingine la mdogo wa kiume wa marehemu, mwenye duka la dawa, ambaye jina lake lilikuwa la mwisho kwenye orodha, limeongezwa kwa kalamu.

Mwenye duka alikuwa kiti cha mbele, ameuficha uso kwa viganja. Alikuwa ameambiwa habari na Koplo, akalia mpaka abiria wengine wakageuza macho. Inspekta alimwonea huruma. Aliagiza apewe maji na aachwe kidogo, akaanza na Mwalimu.

Mwalimu aliingia amenyooka, akakaa bila kuambiwa.

"Jana mchana mlipoleta mizigo kupimwa, wewe na marehemu mligombana," alisema Inspekta.

"Tuligombania dirisha."

"Dirisha tu?"

"Afande, mimi nimefundisha miaka thelathini na nne. Ningetaka kumwua mtu kwa ajili ya kiti, ningeanza na wanafunzi."

"Viatu vyako vina tope."

"Na vyako pia. Mvua ya jana haikumnyeshea mtu mmoja."

"Saa kumi alfajiri gari lako lilikuwa wapi?"

"Mlangoni kwangu, limekataa kuwaka. Jirani yangu ndiye aliyelisukuma, na amelisukuma hadi njia panda huku anatukana. Ni askari mwenzenu wa usalama barabarani. Mpigie."

Koplo alimpigia. Jirani alithibitisha yote, na akaongeza matusi mengine mapya. Dakika tano, na nusu ya shaka ya Inspekta ilikuwa imeyeyuka.

Mwalimu hakuinuka. Alikuwa akichezea ncha ya skafu yake, na sauti ilipotoka tena haikuwa na ubishi. "Nilimwonea. Nilidhani anataka dirisha ili ajifanye bibi mkubwa. Baadaye ndio akaniambia. Siku ya saba kwenye ratiba ni siku huru, wote tulikuwa twende sokoni. Yeye akasema hatakwenda. Akaniuliza kama kiongozi anaweza kumtafutia mkalimani wa siku moja. Nikamcheka, nikamwuliza una mchumba huko? Hakucheka. Akasema, mwenzangu, mimi siendi kutembea." Alifuta jicho moja kwa kidole, kwa haraka, kama anayeondoa mdudu. "Lakini kama anaumwa, au kama ndio hivyo amekufa, mbona sanduku lake bado limo kwenye basi? Nimeliona chini pale leo asubuhi."

Inspekta alimgeukia Kipenga.

"Mizigo tunapokea siku moja kabla, tunapima, tunafungia," alijitetea Kipenga. "Nilipopata ule ujumbe nikataka kulishusha. Mdogo wake akaniomba niliache. Akasema lina zawadi za watu, atazifikisha yeye. Aliniomba mara mbili, afande. Nikaona ni ndugu yake, nimkatalie kwa lipi?"

Sanduku lilikuwa la kijivu, kufuli dogo, utepe wa njano kwenye mpini. Koplo alilivunja kufuli kwa bisibisi ya dereva. Hapakuwa na zawadi hata moja. Kulikuwa na sweta mbili, dawa za presha, sabuni iliyofungwa kwa nailoni, na soksi nene za mtu anayeogopa baridi ya ugenini. Ndani ya soksi moja, vichupa sita vya kioo vya sindano vilivyofungwa kwa pamba.

Chini ya nguo lilikuwamo daftari la shule. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa mwandiko wa duara, wa mtu aliyezoea kuandika akiwa amesimama:

*Mama wa mapacha. Sindano mbili. Damu haikukata. Amefariki saa tisa mchana.*

*Mke wa dereva wa trekta. Sindano tatu. Damu haikukata. Amefariki njiani.*

*Binti wa fundi viatu, mimba ya kwanza. Sindano mbili. Damu haikukata. Nilimshika mkono.*

Kisha mstari mmoja peke yake: *Nimevunja kichupa nikaonja. Ni maji.*

Inspekta alikuwa amezaa mara mbili. Aliijua sindano ile, ile anayochomwa mama mtoto akishatoka, ili damu isimmalize. Alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni, na ilibidi asimame kidogo pale nyuma ya basi, mkono juu ya kifuniko cha sanduku, kabla ya kuendelea kusoma. Mwisho wa daftari ilikunjwa ratiba ya safari. Siku ya saba ilikuwa imezungushiwa wino mara kadhaa, na pembeni marehemu alikuwa amenakili, herufi kwa herufi, anwani ya kiwanda iliyochapwa kwenye lebo ya vichupa. Nchi iliyotajwa kwenye lebo ndiyo nchi ambayo basi lilikuwa likienda.

Mama wa miaka sitini na mitano, asiyejua neno la lugha ya kule, alikuwa amejiunga na watalii ili akabishe hodi kwenye mlango wa kiwanda na kuuliza: hizi ni zenu?

"Aliyemwuzia dawa hizi ndiye wetu," alisema Koplo.

"Haikuandikwa nani aliyeuza."

"Mwenye duka la dawa tunaye kwenye basi."

"Maduka ya dawa mji huu ni zaidi ya sitini, Koplo. Kuwa na duka la dawa na kufiwa na dada si kosa la jinai. Nipe kitu." Inspekta alitazama saa. Ilikuwa saa tatu na nusu kasoro dakika mbili. "Kamwombe ufunguo wa gari. Akikataa, uje uniambie amekataaje."

Simu ya Inspekta ikaita. Alikuwa askari wa kike kutoka mochwari. Mjane alishamtambua maiti, alisema, lakini hataki kuondoka, na anataka kusema na mkubwa.

"Afande." Sauti ya mjane ilikuwa imekauka kwa kulia. "Naomba mnirudishie simu yangu."

"Utarudishiwa, mama. Tunaihitaji kwa muda mfupi."

"Ina maneno ya wifi yangu. Ya miaka yote. Msije mkayafuta kwa bahati mbaya. Sina kingine cha wifi yangu chenye sauti yake."

Inspekta aliahidi, akakata, akabaki ameishika simu ile ya mjane. Wifi yangu. Kuna kitu kilimkwaruza. Alikuwa ameusoma ujumbe wa mwisho tu, ule uliomhusu, kama afanyavyo mtu mwenye haraka, na mwenye haraka huvaa kanzu kinyume. Sasa aliuburuta ukurasa juu kwa kidole.

*Wifi anua nguo, mvua inakuja.*

*Wifi nitachelewa, kuna mama ana uchungu tangu asubuhi.*

*Wifi usiweke chumvi, presha imepanda.*

*Wifi umelala?*

Alipanda juu zaidi, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka. Wifi, wifi, wifi. Marehemu hakuanza ujumbe kwa neno jingine hata siku alipokasirika. Inspekta mwenyewe alikuwa na mawifi wanne, wawili hawasemi naye, na katika kila jina walilowahi kumwita, mengine si ya kuandikwa, hakuna aliyewahi kumwita shemeji. Mwanamke hana ushemeji na mke wa kaka yake.

Alimpigia tena askari wa mochwari, akaomba mjane apewe simu.

"Mama, swali moja. Nani anakuita shemeji?"

"Shemeji?" Mjane alifikiri. "Marafiki wa mume wangu walikuwa wakiniita hivyo zamani. Wengine wamekufa, wengine wamehama. Siku hizi ni mmoja tu. Mdogo wa mume wangu."

Mwenye duka la dawa aliletwa ofisini. Macho yalikuwa mekundu, lakini ndevu zilichongwa vizuri na shati lilipigwa pasi. Inspekta alimvutia kiti, akampa pole kwa mara nyingine, akaweka simu ya mjane mbele yake.

"Wewe ndiye unayemjua kuliko sisi. Soma. Ni dada yako huyu kweli?"

Alisoma kwa makini. Alisoma mara ya pili.

"Ni yeye," alisema. "Ndivyo anavyoandika. Hapendi watu wapate wasiwasi."

"Hakuna kinachokushangaza?"

"Cha kushangaza kipi? Labda kuna mtu alimlazimisha kuandika."

"Labda. Nisomee kwa sauti."

"Shemeji nimeshapanda—"

"Ishia hapo."

Aliishia.

"Mke wa kaka yake ni nani kwake?" aliuliza Inspekta.

Mtu yule aliutazama tena ujumbe. "Wifi," alisema taratibu.

"Na kwako?"

Aliisukuma simu mbali naye.

"Simu ya dada yako ilikuwa mkononi mwako. Nina hakika jina alilolihifadhi ni Wifi. Ulilibonyeza jina hilo, kisha ukaandika neno lako."

"Ni neno tu. Mtu anaweza kukosea neno."

"Miaka sita yote imo humu, hakukosea hata mara moja. Alikuja kukosea leo, akiwa maiti."

Mlango ulifunguliwa. Koplo aliingia na mfuko wa nailoni, ndani yake kiatu cha kike cha ngozi nyeusi, cha kushoto, soli imelika upande mmoja. "Chini ya kiti cha abiria," alisema. "Ufunguo hakukataa kuutoa. Nadhani hakujua kiatu kimo mle."

Mwenye duka alikitazama kiatu kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama simu. Huzuni ya asubuhi ilikuwa imemtoka usoni, na Inspekta aliona kilichokuwa chini yake: uchovu, na kero ya mtu aliyeharibiwa mpango.

"Nilimwomba," alisema. "Nilimwambia, siku ya saba nenda sokoni kama watu wengine. Nunua vikombe, nunua vitambaa. Rudi nyumbani. Nilijiandikisha safari yote hii ili nimwombe tu. Usiku sikulala, nikaona bora nimwombe kabla hatujafika mpakani. Nikasimamisha gari, nikapiga magoti mle ndani, kati ya kiti na usukani."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza kama nayajua majina yao. Wale watatu."

"Unayajua?"

Alisugua kiganja kwenye goti, akanyoosha mkunjo wa suruali.

"Siyajui," alisema.

Koplo akamtia pingu. Inspekta alikuwa amekamata wauaji wengi na wengi aliwasahau baada ya hukumu. Huyu alijua atamchukia mpaka astaafu, na hakuona haya kwa hilo. Alimwambia Koplo apige simu kituoni mara moja, watume watu kwenye duka na kwenye kila kliniki iliyonunua kwake, na sindano zile zisichomwe mtu mwingine hata moja. Palikuwa na akina mama wenye uchungu asubuhi ile ile, mahali fulani mjini.

Kipenga aliweka karatasi yake mezani, akapiga mstari juu ya jina la mwisho, lile la kalamu. Sahihi, muhuri. Muhuri ukatoka nusu, ikabidi arudie. Kisha alipanda basi, akatembea katikati ya viti akigusa kila mgongo wa kiti, akahesabu kumi na wawili, akahesabu tena. Mwalimu alikuwa amekaa dirishani upande wa kushoto. Alikuwa amevua skafu na kuiweka kwenye kiti kilicho wazi pembeni yake. Hakuna aliyemwambia aivae. Saa nne na dakika sita dereva aliwasha injini, na basi likatoka uani polepole, bila filimbi.

Inspekta alibaki ofisini na simu. Kuna simu ambazo mkubwa anaweza kumwachia mdogo wake kazini, na yeye alishawahi kufanya hivyo mara nyingi. Hii hakuiacha.

Mjane alipokea simu ya askari mara moja. "Afande, nimeambiwa basi mlilizuia. Kwa hiyo shemeji yangu yupo hapo?"

"Yupo, mama."

"Alhamdu— ah, namshukuru Mungu. Nilidhani ameshaondoka bila kujua. Mpe simu niseme naye."

"Hawezi kuongea sasa hivi."

"Namwelewa. Huyu dada yake ndiye aliyemlea, alimbeba mgongoni." Mjane alivuta pumzi. "Basi asijilazimishe kusema. Mwambie tu aje. Mume wangu hayupo, watoto hatukujaliwa. Katika ukoo wao mwanamume aliyebaki ni yeye, na ndiye atakayemshusha dada yake kaburini. Watu wameshaanza kuuliza mazishi ni lini. Nimewaambia hatuziki mpaka shemeji afike. Utamwambia, afande?"

Nje, Koplo alikuwa amekiinamisha kichwa cha mtu yule kwa kiganja, akimwingiza kwenye gari la polisi.

"Mama," alisema Inspekta. "Tafuta mahali ukae kwanza. Huyo askari wangu yuko karibu nawe? Mwambie akushike."